Jina Lililotolewa Kwenye Kisanduku cha Jumapili

Erastus Tinga alilitoa jina langu kwenye harusi ya binti yangu, akaweka la mwanamume aliyetuacha, na hakuniuliza. Nalisema hili mwanzo ili msomaji asije akanihurumia kwa jambo jingine. Mambo mengine yamenipata, lakini yana wenyewe. Hili ni la Erastus.

Hata hivyo mtu hapimwi kwa jambo moja, kwa hivyo nitamweleza kama nimjuavyo.

Ni mtu wa Mwakirunge. Babake alikuwa akivunja kokoto machimboni na kakake naye akaingia humo humo. Erastus alizaliwa mwembamba, nyundo ikamshinda, akapelekwa kusoma kompyuta. Hilo halifichi. "Mama, ningekuwa na mabega ningekuwa shimoni," huniambia, kama mtu anayetaja kabila lake. Alipomaliza masomo akapata kazi Changamwe, kwenye duka la kuchapisha kadi za harusi. Alichapisha mpaka watu wakaacha kadi za karatasi wakaanza kutumiana mialiko kwa simu, na duka likafungwa. Bwana Faiz, mwenye ukumbi wa harusi kule Utange, ndipo akamchukua kushika maombi ya ukumbi na tovuti yake.

Mimi kwenye ukumbi huo ni mfuaji. Nafua vitambaa vya meza na vile vya kuvalisha viti. Kamba zangu za kuanikia ziko nyuma ya jiko, na dirisha la ofisi ya Erastus linatazama kambani. Tumetazamana miaka. Hufunga kifungo cha shati mpaka shingoni, jua liwe la namna gani. Mchana hula sima kwa mchunga, mboga chungu kama shubiri, akasema ni tamu. Ni Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili isiyo na harusi, lakini husema inshallah kuliko imamu. Mkewe ni Jumwa, muuza mbaazi na mahamri, na anampenda. Hilo nalo nimeliona kwa dirisha hilo hilo.

Kazi yake kubwa ni kalenda. Ukifungua ukurasa wa ukumbi unaukuta mwezi umekatwakatwa visanduku, kila siku na chake. Siku yenye shughuli kisanduku chake kina rangi: harusi zambarau, hitma za kuwasomea marehemu kijani, harambee za makanisa samawati. Juu pana jina la shughuli, chini yake mwenyeji, chini yake saa. Watu siku hizi hukitumia kisanduku hicho kama kadi. Unakituma, mtu anakifungua, anajua kaalikwa; na kikibadilishwa kwa Erastus hubadilika kwa kila aliyetumiwa.

Erastus haandiki kila kisanduku kwa mkono. Ana kitu akiitacho templeti. Mimi hukiita kalibu, maana ndivyo kilivyo: unamimina maneno juu, chini yanatoka na umbo moja. Kalibu ikiwa mbovu, kila kitokacho ni kibovu. Mwanzo kabisa aliitia maputo. Yakawa yanapanda kutoka chini ya kisanduku mpaka juu, na neno "Usikose!" linawaka na kuzima. Kwa harusi yalipendeza. Kisha ikaja hitma ya mzee mmoja wa Utange, na yeye pia akapandishiwa maputo. Wanawe walikuja ofisini wamevaa kanzu. Erastus aliyatoa maputo mbele yao, halafu kesho yake akaenda mpaka kwao na kilo mbili za sukari kuomba radhi. Ni mtu mwema. Sijasema si mwema.

Sasa nije kwa binti yangu.

Ikhlas ni mwanangu wa pekee. Babake, Khamis, alivuka Likoni kwenda kununua mabati, Ikhlas akiwa hajaota meno. Feri hurudi kila baada ya kitambo. Yeye hakurudi. Tulisikia kwamba mabati aliyapata na nyumba akaezeka, ila ya mke mwingine. Mimi nikabaki Junda nikifua. Nimemlea Ikhlas kwa maji ya sabuni, nimemsomesha, akapata kazi, akapata mchumba mwenye adabu, watu wakaja kuposa. Waliponijia nilikaa kwenye kiti nilichokivalisha kitambaa mwenyewe, nikasema nimekubali.

Ukumbi niliuandikisha mimi. Nilifuta mikono, nikazunguka, nikaingia ofisini kwa mlango wa mbele kama wateja wengine.

"Shikamoo mama," Erastus akasema. "Leo umepita mlangoni?"

"Marahaba. Leo ni mteja. Nna harusi."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akanitazama.

"Ya Ikhlas, we bwana. Andika."

Akacheka, akaandika. Aliniuliza siku, nikamwambia Jumapili ya mfungo mosi, Ramadhani ikishapita. Aliniuliza jina la baba wa bibi harusi, kwa kuwa fomu inauliza hivyo kwa ajili ya mambo ya nikahi, nikalitaja kama mtu anavyotaja ugonjwa kwa daktari. Kisha akauliza, "Na mwenyeji nani?"

"Mimi."

Akageuza kioo nione. Shule sikwenda. Kusoma nilikutoa chuoni kwa Kurani, na baadaye kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hivyo nasoma polepole. Kisanduku cha zambarau kilisema: *Harusi ya binti wa Bi Zubeda Shee. Saa nane mchana.* Nilisoma mpaka mwisho. Nikarudi kambani. Alasiri nikaenda tena dirishani.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna. Fungua tena."

Akafungua tena. Nikasoma tena.

Nilikituma kile kisanduku kwa kila mtu niliyekuwa na namba yake, hata kwa muuza mkaa. Mtu akamtumia mtu, kikafika Likoni.

Jumatano sikwenda kazini, nilikuwa na mafundi nyumbani. Alhamisi asubuhi simu ikalia, jirani yangu wa zamani Safa, aliyehamia Kisauni mjini. Alikuwa akipiga vigelegele.

"Kumbe mmerudiana, na wala usituambie!"

"Nimerudiana na nani?"

"Acha kujifanya. Na Khamis! Si nimeona kisanduku? Hongera mwaya, Mungu hamtupi mja wake."

Nikakifungua. Zambarau ile ile, saa nane ile ile. *Harusi ya binti wa Bwana Khamis Aqil.* Nikatafuta jina langu juu, nikatafuta chini. Nikaigeuza simu ubavu, maana mara nyingine maneno huonekana ukigeuza. Halikuwepo.

Nilifika Utange bado nina kanga ya nyumbani. Erastus aliponiona alifunga tena kifungo cha shingoni, nacho kilikuwa kimefungwa.

"Mama, kaa."

"Sikai. Nani kaingia hapa jana?"

"Bwana Khamis."

"Akasema nini?"

"Alisema mtoto akiitwa kwa mama, watu watasema hana baba. Alisema yeye ndiye walii, na bila yeye kutoa idhini hakuna nikahi. Mama, mimi mambo yenu ya dini siyajui. Nikaona nisije nikaharibu harusi ya Ikhlas."

Na hayo ni kweli. Kwetu binti akiitwa kwa mamake watu huinamiana masikioni. Na walii ni babake, hata akiwa ni baba wa kuonekana kwenye fomu tu.

"Sawa," nikasema. "Muweke. Na mimi niweke."

"Nafasi ni moja."

"Mimi ndiye niliyeandikisha."

"Najua, mama. Na ili isionekane nimempendelea mtu, kisanduku chako sikukigusa kabisa. Nimebadilisha templeti. Sasa harusi zote zinachukua jina la baba."

Alilisema hilo kwa fahari kidogo. Huyo ndiye Erastus. Hawezi kumdhulumu mtu mmoja, hiyo kwake ni dhambi. Lakini ikigawanywa sawasawa kwa wote, anaona ni utaratibu.

Utaratibu ulidumu mpaka Ijumaa. Ijumaa alikuja Sidi, mama anayepika pilau za hapo ukumbini. Mumewe alifukiwa machimboni zamani, na binti yake Faith alikuwa afanyiwe sherehe hapo mwezi uliofuata. Sidi ni mwanamke mpana, na sauti yake ni pana. Nilikuwa kambani, sikuhitaji kusogea.

"Erastus! Njoo unisomee hapa."

"Mama Faith, karibu."

"Soma."

Erastus akasoma. "Harusi ya binti wa."

"Wa?"

"Imeishia hapo."

"Wa nani, Erastus? Wa hewa? Wa kunguru? Nimekaa na mtoto huyu miezi tisa tumboni, wewe umemtoa wapi?"

Ilikuwa hivi: nafasi ya jina la baba kwenye fomu ya Sidi ilikuwa tupu, kwa kuwa baba hakuwepo, na kalibu mpya haikutazama pengine. Ilichukua utupu ikauandika. Na si kwa Faith peke yake. Erastus alitazama mbele kwenye miezi inayokuja akawakuta mabibi harusi wengine wanaoozwa na mama wajane au waliotelekezwa, kila mmoja ni binti wa, halafu weupe. Alishika kichwa. Jumwa alimletea mahamri, hakuyala.

Jumamosi akawa amepata dawa. Aliniita dirishani anionyeshe, kwa kuwa yeye akitengeneza kitu hupenda kukionyesha, hata kwa mtu aliyemkosea.

"Sasa, mama, templeti inatazama kwanza. Ikikuta baba, inaweka baba. Ikikuta pa baba ni patupu, inaweka mama."

Nikamwelewa. "Kwa hivyo mama huonekana baba akiwa hayupo."

"Hasa."

"Basi futa Khamis."

"Mama, Bwana Khamis yuko hai."

"Umemwona?"

"Alikuwa hapa Jumatano."

"Basi umemwona mara nyingi kuliko mwanawe. Erastus, nakuuliza kwa uzuri. Sidi kawekwa kwa kuwa mumewe kafa. Mimi nifanye nini? Nimzike?"

"Usiseme hivyo, mama."

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi nimeisoma kalibu yako tu."

Akasema atajaribu kitu. Jioni akanitumia ujumbe: *Mama nimekuweka. Gusa palipoandikwa Zaidi.* Nikagusa. Kisanduku kikafunguka kikawa kirefu. Pakaja ramani ya kufika ukumbini. Pakaja kwamba kuvuta sigara ni marufuku, na kwamba magari yaegeshwe upande wa kulia wa lango. Chini ya magari palikuwa na maneno haya: *Mawasiliano: Bi Zubeda.* Na namba yangu.

Siku zilizofuata nilipigiwa simu nyingi. Watu waliuliza kama upande wa kulia ni wa mtu anayeingia au anayetoka. Mmoja aliuliza kama mimi ndiye askari wa lango.

Nilimpelekea Ikhlas malalamiko yangu. Alikuwa ndani tayari, anasingwa, anasuguliwa ngozi na kunukia liwa, uso wa manjano kama embe. Nilimwambia nitakwenda kwa Bwana Faiz mwenyewe, na asiponisikiliza nitahamisha harusi.

"Mama, liache," akasema.

"Niache jina langu?"

"Walii ni yeye. Akikasirika asije? Watu wa upande wa pili wameshakiona kisanduku. Kikibadilika tena watauliza, na nitakayejibu ni mimi, ukweni, peke yangu."

"Na mimi je?"

"Wewe nakujua, mama. Kwani lazima uandikwe?"

Nilitoka nikaenda kuuangalia mchele. Sikuenda kwa Bwana Faiz. Hilo nililifanya kwa ajili yake, na sitaki mtu anishukuru, lakini lisihesabiwe kuwa nilikubali.

Jumapili ya harusi ikafika. Nikahi ilifungwa ukumbini baada ya adhuhuri, wanaume upande wa mbele, wanawake nyuma ya pazia. Khamis alikuja na koti juu ya kanzu. Amenenepa. Alimkabidhi mwanangu kwa sauti nzuri, sauti alikuwa nayo siku zote. Wanaume walimpa mkono wakamwambia hongera kwa malezi. Nilisikia kwa masikio yangu, nyuma ya pazia, nikiwa nimeshika sinia la halua.

Baada ya chakula alipita nyuma kutafuta maji ya kunawa, akanikuta kambani. Kulikuwa na kitambaa cha kiti kilichomwagikiwa mchuzi, nami siwezi kukiona kitambaa namna hiyo nikakiacha, hata siku ya harusi yangu mwenyewe.

"Zubeda," akasema. "Mambo yamependeza."

"Alhamdulillahi. Bomba hilo hapo."

Akanawa. Hakuondoka.

"Nimesikia umekasirika. La kisanduku."

"Umesikia vizuri."

"Mimi nilimwambia yule kijana aweke langu. Wallahi, sikumwambia atoe lako. Nilidhani yatakuwa mawili, kama kadi za zamani: Bwana fulani na Bibi fulani. Nilipoona moja, nikasema labda wewe mwenyewe umekataa kuandikwa nami."

Khamis ameniongopea mambo mengi na nayajua yote kwa sura. Hili halikuwa na sura hiyo. Nilimpa taulo, akajipangusa, akarudi kwa wageni wake.

Nikaenda ofisini na kitambaa kilicholowa mkononi. Erastus alikuwa akitazama kwenye kioo chake picha za harusi zinazoingia. Alisimama.

"Mama, hongera!"

"Khamis kasema hakukwambia unitoe."

Akatazama kioo, akatazama mimi, akatazama kitambaa kinachodondosha maji sakafuni.

"Hakuniambia," akasema.

"Bwana Faiz alikwambia?"

"Bwana Faiz hatazami kalenda."

"Basi nani?"

Akatoa simu kwenye mfuko wa shati, si yake, ya Jumwa. Simu ndogo, kioo kina ufa. Kumbe kila atengenezacho hukipima kwa simu hiyo kwanza. Kikisomeka hapo, kitasomeka kwa kila mtu wa Kisauni. Akanifungulia mfano aliokuwa ameujaribu siku ile ya Jumatano. *Harusi ya binti wa Bwana Khamis Aqil na Bi Zubeda Shee.* Ulikuwepo. Aliuandika kwa mkono wake. Lakini kwenye simu ya Jumwa maneno yalikuwa yameshuka mstari wa pili, yakasukuma saa, na saa ikatoka nje ya kisanduku ikakaa juu ya siku ya Jumatatu.

"Ilikuwa inavunjika, mama," akasema. "Ilikuwa mbaya sana."

"Na walii? Na watu watasema?"

"Hayo aliyasema kweli Bwana Khamis. Nami nikaona ndiyo maneno mazuri ya kukueleza."

Nilikaa kwenye kile kiti cha wateja. Wiki nzima nilikuwa nimegombana moyoni na sheria, na mila, na wazee wa upande wa pili, na mwanangu aliyenukia liwa. Nilidhani nimetolewa na dini. Kumbe nimetolewa na upana wa simu ya muuza mbaazi.

"Ungeniuliza," nikamwambia.

"Ningekuuliza nini?"

"Kama nakubali saa ikae Jumatatu."

Hakucheka, nami sikuwa nimechekesha.

Baada ya hapo alipiga magoti, nasema kweli, mtu mzima, akachukua kitambaa mkononi mwangu akapangusa sakafu. Akaniambia harusi ikishapita kisanduku huhama, hakikai tena kwenye mwezi. Huenda kwenye ukurasa wa shughuli zilizopita, na ukurasa huo una templeti yake mbali, pana, yenye picha, maneno hata mistari mitatu yanaenea. Humo ataniweka. Wiki hii hii, mama, inshallah.

Ikhlas sasa ana mtoto. Anakaa ukweni vizuri, Ijumaa huja kunitazama, na hilo la kisanduku hatulitaji. Khamis amerudi Likoni kwake. Namsikia akisifiwa kwa harusi aliyoifanya, na watu wakiniuliza kama niliiona. Simdai. Aliyonitenda Mungu amsamehe, nilichomdai kimeoza.

Erastus bado yuko dirishani na kifungo chake. Ukurasa wa shughuli zilizopita ameubadilisha mara kadhaa tangu siku ile. Ameutia picha zinazojipitisha zenyewe. Ameutia mwezi na nyota wakati wa Ramadhani, akavitoa, akautia mti wa Krismasi, akautoa. Kila akiufungua najua, maana huniita nione. Harusi ya mwanangu imo, picha nzuri, nimo pembeni nimeshika sinia. Chini ya picha pameandikwa Bwana Khamis Aqil, kisha nafasi nyeupe inayotosha mistari miwili.

"Wiki hii, mama," husema. "Nimalize hiki kwanza."

Ninachodai ni jina langu, kando ya la Khamis au chini yake, sichagui, herufi za ukubwa ule ule, lisomeke bila mtu kugusa kitu. Anayedaiwa ni Erastus Tinga wa Mwakirunge. Ofisi yake ni Utange, mlango wa kwanza baada ya lango, na huwa wazi mpaka saa kumi.